Kati ya Kuugua na Kupona

Kwa miaka 31 nilifundisha somo la Kiswahili katika shule za sekondari, na kwa muda wote huo niliwaambia wanafunzi wangu kwamba kitabu hupimwa kwa mambo mawili: kile kinachosema, na namna kinavyokisema. Wanafunzi waliandika hivyo katika madaftari yao, wakajibu hivyo katika mitihani, nami nikawapa alama. Sasa nimestaafu, nakaa Kihesa, mwendo mfupi kutoka sokoni, na ugonjwa umenifundisha kipimo cha tatu ambacho sikuwapa: kitabu hupimwa pia kwa kile kinachokiruka.

Mwaka 2016, mwezi wa Juni, wakati ule ambao sisi wa Iringa hatuvui makoti hata mchana, niligunduliwa kuwa na kifua kikuu. Nilitibiwa kwa miezi 6, kama ulivyo utaratibu. Miezi 2 ya kwanza nilimeza dawa za aina nne zilizounganishwa pamoja katika vidonge, na miezi 4 iliyofuata nikameza za aina mbili. Nilipona. Hayo yatosha kuhusu kupona kwangu, maana kupona si habari ya makala haya. Habari yenyewe ni zile siku zaidi ya 160 zilizokuwa katikati, baada ya kuambiwa naumwa na kabla ya kuambiwa nimepona. Katika siku hizo, kwa kuwa mimi ni mtu wa vitabu, nilikwenda kwenye rafu yangu kutafuta mwenzangu. Nilitaka kumsoma mtu ambaye yumo katikati ya tiba, asubuhi ya kawaida, ana kikombe cha maji mkononi na kidonge kinamnukia vibaya. Nilitafuta kutoka juu hadi chini. Sikumpata.

Nilianza na vitabu nilivyovijua kwa moyo, kwa kuwa nilivifundisha. Kimoja ni Kilio Chetu, tamthiliya ya Medical Aid Foundation iliyotoka katikati ya miaka ya 1990. Msomaji aliyepita sekondari katika nchi hii huenda anaikumbuka: vijana wasioelezwa ukweli kuhusu miili yao, wazazi wanaoona haya kusema, na UKIMWI unaopita katikati ya ukimya huo. Joti anaugua na kufa. Ni kazi nzuri. Nilipoifundisha, darasa lilikuwa likinyamaza bila mimi kuomba kimya, na wanafunzi waliokuwa wamezika watu nyumbani walikuwa wakiinamisha vichwa. Lakini itazame tena kwa macho ya mgonjwa. Joti anaumwa ili afe, na anakufa ili sisi tufundishwe. Ugonjwa wake hauna Jumanne wala Jumatano. Tunamwacha akiwa mzima, tunarudi kumkuta maiti.

Lazima niwe mwadilifu hapa. Tamthiliya hiyo iliandikwa wakati ambapo hapakuwa na dawa ya kumpa Joti. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwetu mwaka 2004. Kabla ya hapo mwandishi angeandika nini kuhusu kuendelea na tiba, wakati tiba yenyewe haikuwapo? Siwalaumu waandishi wale. Waliandika kilio kwa sababu kilikuwa wakati wa kilio.

Lakini baada ya hapo likaja jambo la kushangaza. Mwaka 2006 Macmillan Aidan walitoa tamthiliya ya Orodha ya Steve Reynolds, nayo pia ikaingia madarasani. Binti anayeitwa Furaha anafariki, na anaacha barua ya kusomwa mazikoni. Wanaume wa kijiji wanatetemeka wakidhani barua ile ina majina yao. Kumbe orodha yenyewe si ya watu bali ni ya mambo ambayo yangemwokoa. Mwandishi amejua kumshika msomaji kwa hofu mpaka mwisho, na fundisho lake ni la kweli. Hata hivyo, kalenda imesogea. Dawa zilikwishakuwapo wakati kitabu kinachapwa, na katika mkoa wetu wa Iringa, ambao kwa miaka mingi umekuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi nchini, watu walikwishaanza kuamka asubuhi na kumeza vidonge na kwenda shamba. Darasani kwangu walikuwamo watoto waliokuwa wakimeza. Mimi nikasimama mbele yao, chaki mkononi, nikawaeleza dhamira ya kazi hii, na katika kila kazi niliyowaeleza mgonjwa alikuwa tayari amezikwa.

Sasa nasikitika kwa hilo. Si kwamba tamthiliya zile ni mbaya, bali mimi mwalimu sikuwahi kuuliza swali jepesi: je, yule mtoto wa dawati la tatu, ambaye kila mwezi anaomba ruhusa ya kwenda kliniki, anasoma nini hapa kuhusu yeye mwenyewe? Anasoma kwamba kazi ya mgonjwa katika hadithi ni kufa vizuri ili wengine waogope.

Wala upungufu huu si wetu peke yetu. Watu wa Ulaya waliandika sana kuhusu kifua kikuu kabla dawa hazijapatikana. Katika opera ya La Traviata ya mwaka 1853 mwanamke anaimba mpaka anakata roho, na katika La Bohème ya mwaka 1896 ni vilevile. Thomas Mann aliandika riwaya nene, iliyotoka mwaka 1924, kuhusu hospitali ya wagonjwa wa kifua katika milima ya Uswisi, na huyu angalau alielewa jinsi siku za mgonjwa zinavyofanana. Mwaka 1943 ikagunduliwa streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuvishinda vijidudu hivyo, na baadaye zikafuata nyingine. Kwa maoni yangu ni kama dawa zilipoingia mlangoni waandishi wakatoka dirishani. Kifo kina tamasha lake, lakini mtu anayemeza kidonge cha siku ya 97 hana wa kumpigia makofi.

Yapo maandiko mengine ambayo hayamo katika mitaala lakini husomwa na kusikilizwa kuliko vitabu vyote. Nayo ni ushuhuda wa aliyepona. Tunausikia makanisani na misikitini, katika redio na katika mikutano ya wagonjwa. Muundo wake unajulikana. Kwanza mtu anakonda, majirani wanaanza kunong'ona, ndugu wanagawana vitu vyake kimoyomoyo. Halafu anakwenda hospitali, anapata dawa, na hapo msimuliaji hutumia sentensi moja tu: "Sikukata tamaa." Baada ya sentensi hiyo amepona, ana kilo 70, tumshangilie.

Naiheshimu sentensi ile, kwa kuwa anayeisema mara nyingi ameilipia. Lakini kama mhakiki nauliza, ndani yake mna nini? Miezi 6 au 8 au 20 imekunjwa kama shuka na kuwekwa ndani ya maneno mawili. Na anayeisikia, akiwa bado yu katika mwezi wa pili, anarudi nyumbani na mzigo mpya. Yeye amekata tamaa jana, na juzi pia alikata. Basi anajihesabu kuwa si mtu wa aina ile, na hatapona kama yule alivyopona.

Hili ndilo ninalotaka kulisema kwa uwazi, kwa sababu nililipitia. Mimi nilikata tamaa mara nyingi. Zilikuwapo asubuhi ambazo sikuwa na tumaini lolote, wala hamu, wala sala. Nikameza. Kidonge hakimuulizi mtu kama ana tumaini. Kikishuka tumboni kinafanya kazi yake katika damu ya mwenye imani na katika damu ya mwenye uchungu sawasawa. Laiti mtu angeniambia hilo mapema, ningepunguza nusu ya mateso yangu, maana nusu ya mateso haikuwa ugonjwa bali aibu ya kutokuwa jasiri.

Tuzitazame na methali zetu. Waswahili husema subira huvuta heri, na mvumilivu hula mbivu. Watu waliniambia hivyo kwa nia njema, wakiwa wamekaa kwenye kigoda changu. Lakini mvumilivu wa methali hiyo ni mtu anayengoja. Ndizi inaiva yenyewe, kazi yake ni kukaa chini ya mgomba asiikate kabla ya wakati. Mgonjwa wa kifua kikuu hangoji kitu, maana akikaa kungoja atakufa. Methali inayomfaa ni ile ya haba na haba hujaza kibaba, kwa sababu humo kuna mkono unaotia punje, leo na kesho, na hakuna anayemuuliza mwenye mkono anajisikiaje.

Pengine msomaji atauliza kwa nini tiba iwe ndefu hivyo. Nilieleweshwa na daktari kijana, na naandika kwa maneno yangu. Vijidudu vya kifua kikuu havifanani kwa mwenendo. Vingi vinazaana kwa nguvu, na hivyo hufa katika majuma ya kwanza. Kwa hiyo mgonjwa anaacha kukohoa, anakula, anapendeza. Lakini vipo vichache vinavyojikunyata na kulala, na dawa humpata aliye macho kwa urahisi kuliko aliyelala. Hivyo huhitaji miezi. Ukiacha njiani, vile vilivyobaki huamka, na pengine huamka vikiwa vimeijua dawa. Maana yake ni kwamba tiba hii imejengwa juu ya jambo lililo kinyume na akili ya kawaida: sehemu kubwa ya dawa humezwa na mtu anayejiona mzima.

Kwangu mimi mwezi wa tatu ndio uliokuwa mgumu. Katika mwezi wa kwanza hofu ilinisaidia. Kufikia mwezi wa tatu hofu ilikuwa imeondoka na kikohozi. Mkojo ulikuwa bado una rangi ya chungwa kwa sababu ya dawa, miguu ilikuwa ikinichomachoma usiku, na harufu ya vidonge ilinifikia kabla sijafungua pakiti. Niliambiwa nisiguse pombe, kwa kuwa dawa hizi ni mzigo kwa ini, na anayeijua Iringa anajua kwamba msimu wa ulanzi ukifika kuna watu ambao hutawaona tena jioni kama hunywi nao. Ulanzi haukuwa umeanza, lakini marafiki walikwishapungua. Asubuhi moja nikaviweka vidonge mfukoni, nikamwambia mke wangu nimemeza, nikatoka nje kuota jua.

Mjukuu wangu, aliyekuwa na miaka 9, alikuwa amepewa kazi ya kuweka alama kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Akanifuata.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Babu, leo sijakuona ukimeza."

"Nimemeza."

"Basi nitaweka alama kesho, nikikuona."

Hakunikaripia. Alikuwa tu mwaminifu kwa karatasi yake. Nilirudi ndani nikameza, akaweka alama, akaenda shule. Nimeulizwa mara kadhaa siri ya uvumilivu wangu, na hiyo ndiyo siri. Haikuwa ndani yangu. Ilikuwa nyuma ya mlango, nayo ilikuwa na miaka 9.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma maandiko mengine, yale ya kliniki yenyewe, nikiyahakiki kama ninavyohakiki tamthiliya. Daftari la wagonjwa wa kifua kikuu ni kitabu kikubwa chenye safu nyingi. Mwishoni kabisa huandikwa hatima ya mgonjwa, na kwa miaka mingi hatima hizo zilikuwa sita: amepona, amemaliza matibabu, amekufa, tiba imeshindwa, amehamishiwa kwingine, na mtoro. Ni kitabu cha kweli kuliko vingi vilivyo kwenye rafu yangu. Lakini neno la sita linahitaji mhakiki.

Mtoro ni nani? Katika historia ya pwani yetu, watoro walikuwa watumwa waliokimbia mabwana zao. Baadaye neno likapanda bara na kuingia shuleni, likawa la mtoto anayekwepa darasa. Katika maana zote mbili yumo mwenye mali na yumo aliyekimbia, na kosa ni la aliyekimbia. Neno hilo likitua juu ya mgonjwa, hukumu imekwisha kutolewa kabla hajaulizwa alikuwa wapi. Halisemi kama barabara ilikatika kwa mvua, wala kama dawa zilikuwapo siku alipofika. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliacha neno lake la Kiingereza lililokuwa na lawama ya namna hiyo, likachukua lingine lenye maana ya mtu ambaye ufuatiliaji wake umepotea. Ni badiliko dogo, lakini limehamisha swali. Aliyepoteza sasa anaweza kuwa ni sisi. Hata hivyo, kwenye mabenchi ya kungojea, neno mtoro bado nalisikia.

Na hapa sina budi kusema kwa nini nakaza sana juu ya neno moja.

Mdogo wangu wa tumbo moja aliugua kifua kikuu mwaka 1988. Wakati huo tiba ilikuwa ya miezi 8. Alilazwa miezi 2 akichomwa sindano ya streptomaisini kila siku pamoja na vidonge, kisha akaruhusiwa kurudi kijijini kwetu, milimani upande wa Kilolo, awe anafuata vidonge kila mwezi katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Akafuata mwezi wa kwanza, akafuata wa pili. Baada ya hapo hakufuata tena. Mwaka 1990 alirudiwa na ugonjwa, na akafa.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana, mwenye mshahara na maneno mengi. Niliposikia ameacha dawa nilimwandikia barua. Nilimwambia kwamba tangu utotoni alikuwa mtoro wa shule na sasa amekuwa mtoro wa uhai wake. Niliiona sentensi ile kuwa nzuri. Nilijivunia kuiandika.

Mama alipofariki, tulifungua sanduku lake la bati. Ndani yake mlikuwa na kadi ya matibabu ya mdogo wangu, na ndani ya kadi, imekunjwa, barua yangu. Kadi hizo zina visanduku vidogo, kimoja kwa kila siku. Visanduku vya miezi 2 ya kwanza vilikuwa vimewekwa alama vyote, hata kimoja hakikurukwa. Ikafuata mistari miwili ya miezi aliyochukua vidonge. Kisha weupe.

Dada yetu, aliyekuwa nyumbani wakati ule, ndiye aliyenieleza ule weupe. Mwezi wa Desemba mdogo wangu alikwenda zahanati kwa miguu, kwenda na kurudi siku nzima, akaambiwa dawa hazijafika, arudi baada ya juma moja. Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza, na baba alikuwa hawezi jembe. Alirudi baada ya majuma matatu, mahindi yakiwa yamekwisha kupandwa. Mbele ya foleni nzima akaulizwa ametoroka wapi. Akageuka, akarudi nyumbani. Majuma machache baadaye ikafika barua ya kaka yake msomi, nayo ikamwita kwa jina lilelile.

Sisemi kwamba barua yangu ilimuua. Vijidudu ndivyo vilivyomuua. Nasema kwamba nilikuwa mhakiki mbaya. Nilisoma mwisho wa habari nikautolea hukumu, na sehemu ya katikati sikuisoma. Sikuviona visanduku 60 na kitu vilivyojaa. Mtu aliyevumilia sindano kila siku kwa miezi 2 nilimwita mtoro kwa sababu ya siku moja ambayo yeye alifika na dawa haikufika.

Inafaa kukumbuka kwamba nchi yetu ina nafasi yake katika habari hii, na ni nafasi ya heshima. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na ni hapa Tanzania ambapo Karel Styblo, daktari aliyezaliwa Chekoslovakia, alishirikiana na madaktari wetu kuonyesha kwamba tiba ya muda mfupi inaweza kufanikiwa hata katika nchi maskini. Masharti yalikuwa kwamba dawa zifike bila kukosa, mgonjwa asimamiwe anapomeza, na kila mmoja aandikwe mpaka mwisho wake. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfano huo na kuueneza ulimwenguni. Styblo mwenyewe alikuwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili, na huko ndiko alikopata kifua kikuu. Nadhani mtu wa namna hiyo hakuwa na haja ya kuambiwa kwamba moyo peke yake hautoshi. Hakujenga mpango wake juu ya ushujaa wa mgonjwa. Aliujenga juu ya kabati lenye dawa, daftari, na mtu wa kutazama.

Ipo hoja moja zaidi dhidi ya ushuhuda wa "sikukata tamaa," nayo naichukua kutoka kwenye ugonjwa mwingine, homa ya ini aina ya C. Kirusi chake kilitambuliwa mwaka 1989. Katika miaka ya 1990 na 2000 waliotibiwa, wengi wao katika nchi tajiri, walichomwa sindano za intafaroni, na kwa aina ya kirusi iliyo sugu zaidi tiba ilikwenda majuma 48. Sindano zile zilileta homa, uchovu, nywele kupukutika, na huzuni nzito iliyowafanya wengine wasijitambue. Na baada ya mwaka mzima wa kustahimili, karibu nusu ya wenye aina hiyo sugu hawakupona. Je, hawa walikuwa na moyo mdogo kuliko waliopona? La hasha. Walimeza na kuchomwa sawasawa na wenzao. Kuanzia mwaka 2014 au karibu na hapo zikaenea dawa mpya za kumeza, zinazoponya zaidi ya watu 95 katika kila 100 kwa majuma 12 hivi. Kilichobadilika ni dawa. Wagonjwa walikuwa wavumilivu tangu mwanzo. Ushuhuda unaompa nafasi aliyepona peke yake unawafuta wale waliovumilia wasipone, na hao ndio wangeweza kutueleza uvumilivu ni kitu gani hasa.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wenye kifua kikuu sugu waliopelekwa Kibong'oto, hospitali ya Kilimanjaro iliyoanza kutibu wagonjwa wa kifua mwaka 1926. Tiba ya kifua kikuu sugu ilianza kutolewa hapo mwaka 2009, na ilichukua karibu miezi 20 au zaidi. Kwa miezi kadhaa ndani yake mgonjwa alichomwa sindano ambazo zilikuwa na hatari ya kumwondolea uwezo wa kusikia. Mtu alikuwa akibadilishana masikio na mapafu, akijua. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba ya miezi 6 isiyo na sindano kwa wengi wa wagonjwa hao. Twashukuru. Lakini nani ameandika riwaya ya ile miezi 20? Nani ametunga tamthiliya yenye onyesho moja tu la wodi, siku ya 300, wagonjwa wawili wakicheza bao, mmoja akiwa hasikii tena na mwenzake akimwonyesha kwa vidole?

Nikitakiwa kutoa ushauri kwa vijana wanaoandika sasa, na wapo wengi hapa Iringa katika vyuo vyetu, sitawaambia waache kuandika vifo. Watu wanakufa, na kilio kina haki yake. Nawaomba tu wamwache mgonjwa mmoja aishi kurasa nyingi. Wamwonyeshe akikasirika, akidanganya kwamba amemeza, akila mnafu na ugali bila hamu, akiona haya kukutana na wanafunzi wake wa zamani kwenye benchi la kliniki. Waonyeshe wale walio kandokando yake, maana bila hao hakuna hadithi. Wasimpe tumaini jingi. Wampe mtu wa kuweka alama.

Kadi ya mdogo wangu ninayo hapa mezani ninapoandika, pamoja na karatasi iliyokuwa nyuma ya mlango wangu. Barua niliichoma, kisha nikajuta kuichoma, kwa kuwa nayo ilikuwa ushahidi. Katika maandiko yote niliyoyataja, hayo mawili ndiyo peke yake yanayosimulia katikati. Hayana maneno, yana alama tu za kalamu, siku kwa siku. Ya kwangu imejaa mpaka mwisho kwa sababu kila asubuhi palikuwa na vidonge ndani ya nyumba na mtoto mlangoni. Ya kwake inaishia mwezi wa Novemba 1988. Nimezihesabu alama zake mara nyingi, nazo ni nyingi kuliko nilivyodhani.